Mama Mkwe Bwawani

Nilisimama ndani ya maji yaliyonifika kifuani nikiwa nimevaa suruali ya kitambaa, shati la mikono mirefu lililofungwa vifungo mpaka shingoni, na soksi. Suruali ilikuwa imejaa hewa magotini na ilikataa katakata kushuka. Mbele yangu kulikuwa na ukuta wa mawe meusi, na juu ya ukuta ule mlima uliojifunika wingu. Nyuma yangu, kwenye ngazi za bwawa, nilimsikia mama mkwe wangu akishuka ngazi ya kwanza, akapumzika, akashuka ya pili. Nilikuwa nimempa mgongo. Mikono yangu nilikuwa nimeinyoosha nyuma, viganja vikitazama juu, kama mtu anayesubiri kutiwa pingu, na nilikuwa namwomba Mungu nisigeuke kwa bahati mbaya.

"Felix," akasema.

Ilikuwa imepita miaka kumi na minne tangu nimwoe binti yake. Siku zote hizo hakuwahi kulitamka jina langu.

Mimi ni fundi cherehani. Mashine yangu ipo kwenye kibaraza cha duka la vitambaa la Shaaban, hapa Babati mjini, na nashona chochote kinachoshoneka: sare za shule, magauni ya kipaimara, suti za mabwana harusi wanaokumbuka suti ikiwa imebaki siku mbili. Mke wangu Vailet anafundisha chekechea. Tunaishi Nangara na mtoto wetu mmoja, Anselimu, kwenye nyumba ya vyumba vitatu ambayo kwa miaka mingi ilitutosha. Mama yake Vailet, Mama Genoveva, mjane wa katekista, yeye ni wa Sigino. Ana nyumba aliyojengewa na marehemu, shamba la mahindi na mbaazi, na ng'ombe watatu anaowajua tabia kuliko anavyotujua sisi.

Katika ukoo wao, Wairaqw ambao wengi huwaita Wambulu, mkwe wa kiume na mama mkwe hawachangamani. Hamli meza moja, hampeani mkono, hamtazamani usoni. Ukiingia wewe, yeye anatoka. Ukikutana naye njiani, mmoja anaacha njia. Salamu ipo, tena ya heshima kabisa, ila inapitia mlangoni au ukutani: "Shikamoo Mama." "Marahaba, Baba Anselimu, mmeamkaje?" Vijana wa mjini huwa wananicheka nikiwasimulia. Mimi sikuwahi kuona tatizo. Tulipendana vizuri tu, kila mtu akiwa upande wake wa ukuta.

Tatizo lilianza mwaka juzi, mwezi wa tatu, Mama Genoveva alipoteleza kwenye tuta la shamba lake akavunjika paja. Alifanyiwa upasuaji, mfupa ukaunga, na hospitali ikamruhusu. Kwa kuwa hakuweza kuishi peke yake Sigino, tukamleta Nangara. Hapo ndipo desturi ilipogeuka kuwa kazi ya kutwa nzima. Hakuweza kuinuka mwenyewe, kwa hiyo wa kutoka nikawa mimi. Nikikuta amekaa sebuleni, nageuza. Nikitaka kwenda chooni, nakohoa kwanza ili Vailet amfunike mama yake shuka. Taarifa ya habari niliisikiliza nikiwa nimesimama nje ya dirisha la nyumba yangu mwenyewe, mpaka jirani mmoja akaniuliza taratibu kama mimi na mama Anselimu tuna ugomvi.

Mimi nilivumilia kwa sababu haikuwa ngumu sana. Aliyeteseka ni yeye. Kula chakula cha mkwe, kulala kwenye chumba cha mkwe, kuogeshwa kwenye bafu la mkwe, kulimla polepole zaidi ya ule mguu. Mwezi wa tisa, kupitia ukutani, nikamsikia akimwambia Vailet watafutwe watu wa kununua ng'ombe. Mimi na Vailet tulielewa maana yake. Ng'ombe wakiuzwa, shamba nalo litakodishwa, nyumba itafungwa kufuli, na mama atakuwa mgeni wetu hadi siku ya kufa kwake, akijificha kwangu na mimi nikijificha kwake.

Mtaalamu wa mazoezi pale hospitali alituambia jambo moja lililonikaa. "Mguu wa mama umepona," alisema. "Ambaye hajapona ni mama mwenyewe. Anaogopa kuukanyagia. Apate maji ya kifuani, atembee humo kila siku kwa wiki moja hivi. Maji yatambeba, naye ataona mguu haukatiki. Mkimwacha akae, nyama za paja zitakwisha, na hapo sitakuwa na la kuwasaidia."

Maji ya kifuani. Babati tuna ziwa, na ziwani kuna viboko, kwa hiyo watu wetu hukua wakijua kwamba maji yaliyotulia yana mwenyewe chini. Tukafikiria bwawa la hoteli. Mama Genoveva alipoulizwa, alijibu kwa sauti niliyoisikia hadi uani.

"Jumapili nipange foleni ya komunyo na watu walioniona nimelowa?"

Nilimsimulia Shaaban, nikicheka ili nisionekane nimekata tamaa. Shaaban hakucheka. Babu yake alitoka kisiwa cha Ngazija, na ukoo wao una kiwanja kule chenye nyumba mbili za mapumziko, moja ya upande wao, nyingine ya upande wa shangazi, na katikati bwawa moja wanalotumia wote.

"Kisiwa chenyewe ni mlima wa moto uliotokea baharini," alisema. "Nyumba yetu haina mtu mwezi huu. Nendeni siku kumi. Kule hutamkuta Mbulu hata mmoja wa kwenda kumsema kanisani."

Nauli tulihangaika nayo, tukaipata. Anselimu tukamwacha kwa dada yangu anayeishi kijiji cha Bonga. Kilichobaki ni vazi, na hilo lilikuwa langu. Mama mkwe ataingiaje majini? Niliamua kumshonea gauni refu la kitenge, mikono mpaka viwiko, na kwenye pindo nikashonea nati ndogo za chuma ili lisielee likamwaibisha. Kitenge Shaaban alinichagulia cha zambarau iliyokolea, kipya, bado kina lebo. Fundi yeyote anajua kitambaa cha rangi ile hulowekwa kwanza kwenye maji ya chumvi. Mimi nilijua kuliko wote. Lakini mama mkwe hapewi nguo iliyokwisha kufuliwa kana kwamba ni ya mtu mwingine. Hupewa mpya, inayonukia duka. Nikakiacha hivyo hivyo. Na vipimo je? Nani angempima? Nilikadiria kwa gauni lake la zamani na kwa jicho, na jicho la mkwe halishuki chini ya mabega. Nikaongeza inchi nne za urefu kwa ajili ya heshima.

Ngazija tulifika Jumamosi. Nilikuwa sijawahi kuona nchi nyeusi kiasi kile: mawe meusi, kuta nyeusi, pwani nyeusi, na katikati ya weusi huo nyumba zetu mbili zimepakwa chokaa. Mlinzi wa kiwanja, mzee Muhammad, alituonyesha bwawa kwa fahari. Alitueleza kwa Kiswahili cha kwao kwamba kisiwa kile hakina mto hata mmoja, jiwe la volkano hunywa maji yote, na kwamba bwawa lile lilijazwa kwa mvua iliyokusanywa kwenye mabati msimu mzima. Alisema ukweli huo kama onyo. Nyumba ya pili ilikuwa na mama mmoja wa makamo kutoka Tanga, Bi Faudhia, na wajukuu zake watatu.

Jumatatu asubuhi ndiyo ilikuwa siku yetu. Mpango ulikuwa Vailet amshike mama yake, mimi nikae mbali. Nikaweka kiti mwisho wa ua, nikakigeuzia ukutani, nikakaa nikitazama jiwe. Nilisikia wanashuka. Nilisikia Vailet anasema, "Taratibu, Mama, taratibu," kwa sauti ya mtu ambaye mwenyewe anaogopa. Kisha maji yakafanya kishindo.

Vailet alinisimulia baadaye. Mama alikanyaga zile inchi nne za heshima yangu. Akateleza, akamvuta Vailet, na Vailet, aliye mfupi na aliyekua akiogopa viboko wa ziwani, akasahau kwamba maji yanamfika kidevuni tu akaanza kupiga kelele. Wakanywa maji wote wawili. Mimi niliruka kutoka kwenye kiti, nikageuka nusu, nikakumbuka, nikarudi ukutani. Nikageuka tena. Sijui nilifanya hivyo mara ngapi. Ni mzee Muhammad aliyekimbia na mti mrefu wa kusafishia bwawa, wakaushika, akawavuta mpaka kwenye ngazi. Na kuwazunguka, kutoka kwenye gauni jipya, rangi ya zambarau ilikuwa inatoka na kutandaa bwawa zima.

Bi Faudhia alitoka nje na ufagio mkononi.

"Mmetia rosela humu?" aliuliza. Halafu akaniona mimi, mwanamume mzima nimesimama nimegeukia ukuta. "Hebu wewe! Mama yako anazama na mkeo anazama, nawe watazama jiwe? Huoni haya?"

Haya ndiyo niliyokuwa nayo, hadi kooni, lakini ningemweleza nini? Nilingoja Vailet aseme kwamba yule ni mama yake, si wangu, na kwamba mimi ni mkwe. Vailet alikuwa anakohoa. Aliyejibu ni Mama Genoveva, akiwa amekaa kwenye ngazi, kilemba kimemwangukia jichoni.

"Usimgombeze, mama," alisema. "Mwanangu anaogopa maji."

Sikugeuka. Ila nilihisi masikio yanapata moto. Bi Faudhia akaguna, akasema mtoto wa kiume ndiye wa kumshika mama yake, kesho anataka kuniona mle ndani, akaingia zake.

Siku ile mchana Vailet hakutaka hata kulisikia neno bwawa. Alikaa kitandani amejifunika, akasema atarudi Babati kwa miguu kuliko kurudi mle. Nilifikiri safari imekwisha. Niliwaza ng'ombe, kufuli, dirisha langu la taarifa ya habari. Kisha Mama Genoveva akamwita binti yake chumbani, wakanong'ona kwa Kiiraqw kwa muda mrefu, na Vailet akarudi na uso wa ajabu.

"Mama anasema amesema uongo," akaniambia. "Anasema tangu afunge ndoa na baba hajasema uongo wa wazi namna ile, na padri wa kumwungamia hapa hajui alipo."

"Mwambie ni uongo mdogo."

"Nimemwambia. Amesema hauwezi kuwa mdogo, ana siku nane za kuishi nao. Anasema njia ni moja tu, uwe kweli mpaka tuondoke. Mpaka siku ya kuondoka wewe ni mwanawe." Vailet akafungua kiganja. Kulikuwa na uzi mweupe wenye mafundo mawili. "Na amesema hiki ndicho kipimo chake, kutoka kiunoni mpaka kifundo cha mguu. Upunguze lile pindo."

Nilikaa kibarazani na sindano, nikafumua pindo, nikakata, nikakunja upya kwa kufuata fundo la pili. Uzi ule ulikuwa umetoka kwenye rozari ya zamani, naona, maana ulinukia sanduku. Nimeshona nguo za watu wengi lakini sikumbuki kushona polepole kama siku ile. Gauni lilikwishakuwa limetoa rangi yote iliyokuwa nayo, likawa la urujuani uliofifia, zuri kuliko lilivyotoka dukani. Mzee Muhammad aliwasha pampu usiku na mchana, akikataa kutuangalia. Wajukuu wa Bi Faudhia waliogelea ndani ya ile rangi na kutoka wakiwa na kucha za zambarau, wakanishukuru mimi kana kwamba nilifanya makusudi. Jumatano maji yalikuwa meupe.

Ndipo nikasimama pale niliposimama, na soksi zangu, mikono nyuma, na mama mkwe wangu akaniita kwa jina.

"Naam, Mama," nikajibu.

"Ukinipa mgongo utaniangusha. Mtoto hampi mamaye mgongo. Geuka."

Nikageuka, macho nikayaweka juu ya kilemba chake, kwenye wingu la mlima, nayo mikono ikabaki mbele yangu. Akaishika. Mikono yake ilikuwa migumu, mipana, ya mtu aliyekamua ng'ombe miaka hamsini. Halafu nikarudi nyuma hatua moja, naye akaja hatua moja.

Siku ya kwanza tulifika katikati. Siku ya pili tulivuka, tukapumzika, tukarudi. Alikuwa anahesabu hatua kwa Kiiraqw, akikosea anaanza upya, hataki kudhulumu. Siku ya tatu alianza kuongea. Alianza na ng'ombe, kwa sababu hao hawana aibu: yupi anapiga teke, yupi hazai mpaka aachwe peke yake. Kisha akasema, akitazama pembeni, "Hili gauni umelishona vizuri. Mikono tu inabana."

"Nisamehe, Mama. Sikupima."

"Ungepimaje?" akasema, na nikaona kilemba kinatikisika. Alikuwa anacheka. Mke wangu, aliyekaa kwenye kingo na miguu tu ndani ya maji, alitutazama kana kwamba tumeota mapembe. Nilifurahi siku ile kwa namna ambayo siwezi kuisimulia kwa mafundi wenzangu bila kuchekwa.

Bi Faudhia alianza kuleta kiti chake na sahani ya maandazi kutazama. Alijiona yeye ndiye daktari wa jambo hili. Na kwa kuwa alipenda mazungumzo, alimuuliza Mama Genoveva habari za utoto wangu.

"Alikuwa mtundu?"

Nilimsikia mama mkwe wangu akivuta pumzi. Uongo ulikuwa umefika mahali pa kudai chakula. "Hakuwa mtundu," alisema. "Alikuwa anakula udongo." Akavuta hatua. "Akawashonea kuku nguo." Hatua nyingine. "Alichelewa kutembea huyu. Nilimshika mikono hivi hivi, mpaka watu wakaniambia hatatembea."

"Na akatembea," akasema Bi Faudhia.

"Akatembea."

Sikutazama wingu muda ule. Nilimtazama yeye, usoni, mara moja tu, kisha nikarudisha macho mahali pake. Yeye naye, nadhani, alikuwa amenitazama.

Siku ya mwisho ilikuwa Jumatatu, kesho yake ndege. Tulivuka bwawa mara tatu. Mara ya nne, tukiwa katikati, akasema, "Niache."

Sikuelewa. Akaitoa mikono yake katika yangu, kidole kimoja kimoja, akasimama peke yake. Maji yalimfika kifuani, gauni limetulia kwa zile nati. Nikarudi nyuma. Akaja. Hatua, hatua, mguu ule ule aliouogopa ukitangulia na kukanyaga. Hakuhesabu. Vailet alikuwa amesimama kwenye kingo na mikono mdomoni. Mama Genoveva alinipita, akafika ukuta wa pili, akaushika, akabaki amenipa mgongo huku mabega yakipanda na kushuka. Kisha, bila kugeuka, akapanda ngazi ya kwanza na miguu yake miwili, akasimama.

"Baba Anselimu," akasema.

Nilijua hapo hapo. Nilimjibu, "Naam, Mama."

"Sogea huko pembeni, nipite."

Nikatoka majini upande wa pili, nguo zikinichuruzika, nikaenda mpaka mwisho wa ua, nikageukia ukuta. Nilimsikia akipanda ngazi zote. Nililia kidogo. Sijui kama ni kwa furaha tu au pia kwa sababu nilikuwa nimekwisha kuwa mkwe tena, lakini sikuona haya.

Krismasi ile alikula Sigino, kwake, na fimbo. Pasaka fimbo ikabaki nyuma ya mlango. Ng'ombe sasa ni wanne.

Huwa napitia kule Jumamosi moja moja, nikipeleka chumvi ya ng'ombe au nguo niliyompunguzia ambayo angeweza kuipunguza mwenyewe. Napiga hodi, kisha sisogei. Ndani nasikia kigoda kinaburuzwa na mtu anainuka, bila kusaidiwa. Halafu miguu, mmoja mzito kidogo kuliko mwenzake, inavuka sebule upesi upesi kunikimbia, inafika chumbani, na pazia linavutwa.

"Karibu ndani, Baba Anselimu," anasema kutoka huko.

"Asante, Mama," namjibu, na nakaa pale mlangoni kidogo kabla sijaingia.